Unyoya Katika Shimo la Ukaguzi

Kobe aliteremka ngazi za shimo la ukaguzi saa tatu na robo asubuhi, kinyumenyume, kama mtu anayeingia kisimani kumfuata mbuzi wake. Juu yake, kwenye ukingo wa shimo, fundi mkuu wa karakana ya mabasi ya jiji alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, akifuta spana ambayo ilikuwa safi tangu alipoanza kuifuta.

Jina la Kobe alipewa kituoni, mwaka ule alipomfuata mwizi wa baiskeli kwa miguu, mwendo wa kawaida, siku mbili na nusu, hata mwizi mwenyewe akachoka, akarudisha baiskeli na kuomba apakiwe nyuma. Wapelelezi wenzake walikuwa na haraka. Yeye alikuwa na daftari.

Chini alisimama wima. Shimo lilimmeza mpaka juu ya kichwa. Alitoa fomu mfukoni, akaisoma kwa sauti.

"Basi namba kumi na nne. Tarehe kumi na mbili. Mahali: shimo namba moja. Mfumo wa breki, juu na chini: safi. Saini hii ni yako?"

"Yangu, afande," akasema fundi. Watu wote pale walimwita Spana.

"Na muhuri?"

"Muhuri wa idara. Nyumba na Usafiri. Muhuri si kazi yangu."

Siku kumi na moja baada ya fomu ile, basi namba kumi na nne lilishuka mteremko wa hospitali bila breki. Kondakta aliruka na gogo akalitia chini ya tairi la nyuma. Gogo likasagika, naye kondakta akafa hapohapo, na basi likajipiga kwenye ukuta na abiria kumi na tisa ndani yake. Hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Leo ilikuwa ishirini na sita, na saa nane mchana dereva angetolewa wodini, mkono ukiwa kwenye plasta, asomewe shtaka la kuua kwa uzembe. Chini ya kiti chake ilikutwa chupa. Ripoti ya kwanza iliandika pombe. Kobe aliinusa, akakuta ni mafuta ya breki, na badala ya kumwokoa dereva, mafuta yale yalizidi kumzamisha: kumbe alijua breki zinavuja, akawa anaongeza mafuta kila asubuhi na kuendesha vivyo hivyo.

Mpaka jana jioni Kobe mwenyewe alikuwa ameegemea hoja hiyo. Kisha akalala chali chini ya mabaki ya basi na tochi. Paipu ya breki ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu, kutu ya miezi, na ilionekana kwa mtu aliye chini tu. Mwenye kuingia shimoni na taa asingeweza kuikosa. Kwa hiyo Spana alikuwa kipofu, au mwongo, au hakuwahi kuingia.

"Siku hiyo taa uliwasha?"

"Niliwasha zote sita. Mimi sikagui gizani, mimi si popo."

Kobe akabonyeza swichi ukutani. Shimo likabaki na giza lake. Akabonyeza tena, taratibu, kama anayempa mtu nafasi ya pili.

"Zimeungua juzi," akasema Spana.

"Zote sita?"

"Umeme wa jiji huo, afande. Ukifa, hufa kiukoo."

Kobe hakucheka. Alisogea kwenye taa ya karibu, iliyopachikwa ukutani usawa wa kifua chake, ndani ya kikombe cha kioo chenye wavu wa chuma. Akafungua skrubu mbili, akakigeuza kikombe. Maji ya rangi ya chai yakamwagikia kiatuni. Akafungua taa ya pili. Maji. Ya tatu, maji. Katika wavu wa taa ya nne, juu ya grisi, palikuwa na unyoya mweupe, mrefu kama kidole cha kati.

Akaushika kwa ncha za vidole, akautazama, kisha akautazama ukuta. Mstari wa tope ulizunguka kuta zote nne za shimo, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, sentimita chache juu ya taa.

"Mnafuga kuku humu?"

"Kuku afuate nini kwenye grisi?"

"Ndilo ninalouliza." Kobe akaufuta unyoya kwa kitambaa, akaudondoshea tone la maji kutoka kwenye kikombe. Tone likateleza likaanguka, unyoya ukabaki mkavu. "Wa kuku ungelowa."

Spana alirudi kuifuta spana yake.

Kobe akapanda juu kwa mwendo ule ule aliotumia kushuka, akatia unyoya kwenye bahasha, akaandika saa. Alipoinua macho aliona rafu nyuma ya mlango wa stoo. Chupa kumi na moja zimepangwa mstari mmoja, kila moja imezibwa kwa kipande cha kitambaa cha buluu, na kila moja imeandikwa namba kwa chaki. Ile chupa ya chini ya kiti cha dereva nayo ilizibwa kwa kitambaa cha buluu. Kitambaa kilichokuwa mkononi mwa Spana kilikuwa cha buluu, na kimechanwachanwa pembeni.

"Hizi?"

"Maji ya betri."

Kobe akachukua iliyoandikwa thelathini na moja, akaifungua, akanusa.

"Siku hizi maji ya betri yananukia breki."

Gari la maji lilipita nje, likaenda zake, fundi akilisindikiza kwa macho.

"Basi namba thelathini na moja liko wapi saa hizi?"

"Barabarani."

"Na haya mengine kumi?"

"Barabarani, afande. Basi lisipokuwa barabarani ni banda."

"Kwa hiyo hizi ni za kesho. Kila dereva anapita hapa asubuhi, anakabidhiwa chupa yake kama mtoto anayekwenda shule."

Spana akamsogelea. Alinuka dizeli na sabuni ya unga. Sauti yake ilishuka.

"Unaliona jengo lile nyuma ya ukuta? Dirisha la pazia la kijani, ghorofa ya pili. Nakaa pale na watoto wanne na mama mkwe. Nyumba ya jiji. Idara iliyonipa kazi ndiyo iliyonipa nyumba, na ndiyo hiyo hiyo inayogonga muhuri. Nikisema neno moja usiku wa leo nalala nje na mama mkwe." Akalitazama lile dirisha. "Kulala nje ningevumilia."

"Nani alikuambia utie saini?"

"Nimeshasema neno, afande. Ukitaka la pili, kamwulize mwenye nyumba."

Akaingia stoo, akafunga mlango kwa ndani. Kobe akabaki na chupa mkononi, akiutazama ukuta wa jengo. Kutoka bafu la ghorofa ya kwanza doa la unyevunyevu lilishuka, pana juu na jembamba chini, mpaka kwenye tundu lililokuwa msingini mwa ukuta wa karakana. Kutoka tundu lile mfereji mdogo, sasa mkavu, ulikuja moja kwa moja mpaka ukingo wa shimo.

Halafu, upande wa pili wa ukuta, kitu kikalia. Hakikuwa kuku.

*

Mlango wa nyumba ya chini katika jengo lile ulikuwa umebandikwa karatasi ya jana: mtumishi amesimamishwa kazi, familia iondoke ndani ya siku tatu. Aliyefungua alikuwa mama wa dereva wa basi namba kumi na nne, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuhesabu sufuria au kuzibeba?"

"Ni mpelelezi, mama."

"Basi vua viatu. Wale wa jana walikanyaga mpaka mto wa kulalia."

Kobe akavua. Chumba kilikuwa nusu kimefungwa nusu kimefunguliwa. Vyombo vilikuwa kwenye ndoo, nguo kwenye shuka lililofungwa ncha nne, picha ya ukutani imegeuzwa ikatazama ukuta. Katikati ya sakafu lilikaa sanduku kubwa la safari, wazi, na ndani ya sanduku alikaa bata jike mweupe, mnene, mwenye uso wa karani aliyeambiwa afungue dirisha dakika moja kabla ya chakula cha mchana.

"Usimtazame sana," akasema mama. "Hapendi. Ninalo sanduku moja, na yeye kaona hilo ndilo la kuatamia. Jiji linanihamisha, bata ananizuia. Sijui nimtii nani."

Kobe akatoa bahasha, akamwonyesha unyoya. Mama akairudisha miwani yake juu ya pua, akautazama, akamtazama bata.

"Umeupata wapi?"

"Shimoni. Karakana."

"Si huko alikokuwa anashinda." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Bomba la hapo juu lilipasuka tarehe mbili. Nalijua kwa sababu maji yalinipitia mlangoni nikiwa napika. Nikaenda ofisini kwao mara tatu. Mara ya kwanza wakaniambia niandike barua. Mara ya pili wakaniambia barua ipo. Mara ya tatu wakaniambia bomba haliwezi kupasuka, ni jipya. Maji hayakusoma barua, mwanangu. Yalipita pale tunduni, yakaenda kulala shimoni. Huyu naye akayafuata. Asubuhi anaondoka, jioni anarudi. Mwanangu akawa ananitania, mama, katika karakana nzima mtumishi anayeshinda shimoni ni bata wako peke yake."

Kobe akaacha kuandika.

"Alisema hivyo lini?"

"Kila siku. Yeye utani haumwishi." Akaukaza uzi wa miwani. "Alisema na jingine. Kwamba pedali ya breki inazama kama mguu kwenye tope. Alimwambia fundi, fundi akampa chupa. Akarudi kumwambia, akaambiwa aliyechoka na basi huwa amechoka na nyumba. Wewe ungefanyaje?"

Kobe akageuza ukurasa. Aliyeuliza hakuwa anasubiri jibu.

"Maji yalikauka lini shimoni?"

"Walipoleta pampu. Kelele yake ilituziba masikio."

"Tarehe ngapi?"

"Tarehe sishiki, nashika mayai. Walipomfukuza shimoni alirudi hapa na hasira, akaingia sandukuni, akalala siku hiyo hiyo. Leo ametimiza siku saba."

Kobe alihesabu nyuma kwa vidole, hadharani, bila aibu. Ishirini na sita, toa saba. Kumi na tisa. Kutoka tarehe mbili mpaka kumi na tisa shimo lilikuwa bwawa, na tarehe kumi na mbili iko katikati kama kokwa ndani ya tunda.

"Bata haapishwi mahakamani, mama. Nahitaji karatasi."

"Karatasi ipo. Walinijibu barua wakishamaliza, wao hujibu wakishamaliza. Nzuri, ngumu, ina muhuri." Akaonyesha sanduku kwa kidevu. "Waliileta jioni ile ile, nikamtandikia."

Kobe akamtazama bata.

"Chini yake?"

"Mayai juu ya barua, yeye juu ya mayai."

Kobe aliwahi kuingia nyumba ya mtu mwenye panga kwa kubisha hodi. Hapa alipiga magoti, akakunja mkono wa shati, akautuma mkono mbele polepole, akitazama pembeni kana kwamba mkono ule si wake. Bata alimwacha mpaka vidole vikafika kwenye karatasi. Alipomdona, alimdona mara nne, pahali pamoja.

"Nilikuambia," akasema mama. "Hapendi askari."

Barua ilitoka ikiwa na joto. Kobe akaifungulia dirishani. *Kero yako imeshughulikiwa. Bomba limezibwa na maji yote yameondolewa katika shimo la karakana tarehe* … Baada ya hapo palikuwa na tundu. Kona nzima ya chini, pamoja na tarehe na nusu ya muhuri, ilikuwa imechanwa ikawa nyuzi za kutengenezea kiota.

Mama akasogea, akachungulia. "Kaila?"

"Tarehe tu. Mengine kaacha."

"Ndiyo bata. Hula pale penye maana." Hakuwa anatabasamu tena. "Niambie kitu kimoja. Mwanangu alikunywa?"

"Hakunywa."

"Aliua?"

"Nina mpaka saa nane kujua."

"Basi mbona umekaa?"

*

Ofisi ya mkurugenzi wa nyumba na usafiri ilikuwa ghorofa ya nne, upande unaotazama kituo cha mabasi na mteremko wa hospitali. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika arobaini. Kobe aliketi akahesabu picha zilizotundikwa. Zilikuwa kumi na saba. Mkurugenzi na daraja, mkurugenzi na choo cha shule, mkurugenzi na mti mdogo, mkurugenzi na rundo la kokoto. Katika zote kumi na saba alikuwa amenyoosha kidole kuonyesha kitu ambacho wengine wote walikuwa wanakiona tayari.

"Kuhusu ajali nimeshatoa taarifa," akasema mkurugenzi kutoka nyuma ya meza. Alikuwa na suti nzuri na sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. "Gari lilikaguliwa. Fomu mnayo. Dereva alijua kasoro, akaficha. Sioni kilichobaki."

"Sikuja kwa ajili ya basi, bosi. Nimekuja kwa ajili ya nyumba."

Mkurugenzi akashusha mabega. "Nyumba?"

"Lile jengo nyuma ya karakana. Wapangaji wanalalamika. Wanasema bomba lilipasuka, wakaandika, wakaja hapa mara tatu, na idara yako haikuinua hata mguu. Maneno yao hayo. Wanataka kuyapeleka kwa madiwani." Kobe akafungua daftari ukurasa mtupu. "Niandike kwamba hamkufanya kitu?"

"Uandike nini? Nani kasema hatukufanya kitu?"

"Wapangaji."

"Wapangaji hawana shukrani. Ukiwapa paa watataka na mvua." Akabonyeza kengele. Katibu muhtasi akaingia, mwanamke mwenye viatu vya mpira na macho ya mtu aliyeona mengi akayapanga kwa herufi. "Lete faili la lile bomba. Lenye picha."

Faili likaja. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyelifungua, mwenyewe akailamba ncha ya kidole, mwenyewe akaitoa picha akaiweka mbele ya Kobe, na kuinyoosha ilipokaa upande.

"Nilikwenda mwenyewe," akasema. "Na mabuti. Mkurugenzi gani mwingine anavaa mabuti?"

Katika picha alivaa mabuti marefu ya mvua, mapya, yenye karatasi ya bei bado kwenye kisigino. Alisimama ukingoni mwa shimo la ukaguzi namba moja, kidole kimenyooshwa. Shimo lilijaa maji, hata taa hazikuonekana. Mpira mnene wa pampu ulizama ndani. Na katika kona ya mbali, akimtazama mpiga picha kwa dharau, alikuwa anaelea bata mweupe.

"Maji yalikuwa mengi," akasema Kobe.

"Ya kifua. Fundi mkuu alijaribu kuingia nikamzuia, nikamwambia maisha yako ni muhimu."

"Na hii ni tarehe ngapi? Wapangaji wanasema juzi tu."

"Waongo." Mkurugenzi akaigeuza picha. Nyuma, kwa mwandiko safi wa katibu muhtasi, iliandikwa: *Tarehe 19. Mkurugenzi akisimamia uondoaji wa maji, shimo namba moja.* "Maji yamekaa pale siku kumi na saba, sisi tumeyatoa kwa saa tatu. Andika hivyo. Saa tatu."

Kobe akaandika hivyo. Aliandika kila herufi, na kalamu yake ilisikika. Akaligeuza daftari. Mkurugenzi akasoma, akaweka saini chini yake kwa mkunjo mrefu wa mtu anayependa jina lake.

Ndipo Kobe akaitoa ile fomu, akailaza kando ya picha, ncha kwa ncha.

"Tarehe kumi na mbili," akasema. "Shimo namba moja. Breki, chini, safi. Muhuri wako. Nani alizamia?"

Katibu muhtasi, aliyekuwa amefika mlangoni, hakuendelea kutoka.

"Kosa la uandishi," akasema mkurugenzi. "Ilikuwa shimo namba mbili."

"Shimo namba mbili halipo. Karakana ina shimo moja. Hiyo namba moja ni matumaini."

"Basi fundi amenidanganya."

"Fundi alitia saini. Muhuri unakaa wapi?"

Mkono wa mkurugenzi ulienda kwenye mnyororo wa funguo kiunoni, ukagundua ulipo, ukarudi mezani.

"Kwenye droo ya kulia," akasema katibu muhtasi. Alisema kama anayeonyesha mgeni mlango. "Huwa hanipi."

"Nani alikuita kwenye mazungumzo haya?"

"Kengele, bosi."

Mkurugenzi akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Sauti ya kipaza sauti ilikuwa imemwishia. "Sikiliza. Kulikuwa na kikao cha madiwani, fomu zilitakiwa kamili. Magari mengine tungeyakagua baadaye. Hilo ni suala la makaratasi. Dereva alijua kasoro akaendesha. Hapo mimi nipo wapi?"

"Dereva alisema. Akaambiwa anayechoka na basi amechoka na nyumba. Jana nyumba yake imebandikwa karatasi." Kobe akaingiza mkono kwenye koti akatoa chupa, akaisimamisha mezani, juu ya mstari uliozitenga picha na fomu. Kitambaa cha buluu. Chaki: thelathini na moja. "Hizi ziko kumi na moja. Dereva mmoja mzembe nitakubali. Kumi na mmoja, wote wanywe dawa moja kutoka rafu moja?"

Chini, kituoni, injini ilinguruma. Wote watatu walitazama. Basi la kijani lilikuwa linaingia, limejaa mpaka mlangoni, na ubavuni mwake namba ile ile ya chupa ilisomeka vizuri hata kutoka ghorofa ya nne.

"Saa saba na dakika ishirini," akasema Kobe. "Halichelewi. Linashuka mteremko huo, linapita mlangoni pa mahakama. Vaa koti, bosi, tupande, ukamweleze hakimu hayo ya makaratasi. Limekaguliwa tarehe kumi na tatu. Fomu yake hii, muhuri wako huo. Nauli nitakulipia."

Mkurugenzi aliitazama chupa. Aliutazama mteremko. Pale chini, ambapo ukuta ulikuwa bado umebomoka, mtu alikuwa ameweka maua kwenye kopo la rangi. Abiria walianza kusukumana kuingia. Mwanamke mmoja alikuwa anampandisha mzee mwenye mkongojo, ngazi moja kwa wakati.

"Ni karibu tu hapo," akasema mkurugenzi. Alisema kwa upole, kama rafiki. "Twende kwa miguu."

Kalamu ya Kobe ikasikika tena.

"'Ni karibu tu hapo, twende kwa miguu,'" akasoma. "Nimekosea neno?"

Mkurugenzi akashika koti lake.

"Na hawa?" Kobe akaelekeza dirishani. Ilikuwa mara yake ya kwanza siku hiyo kunyoosha kidole. "Nao watembee, au wao wapande?"

Mzee mwenye mkongojo alikuwa ameshaingia. Kondakta akagonga ubavu wa basi mara mbili, pa, pa, kumwambia dereva aondoke. Mkurugenzi bado alikuwa amesimama. Katibu muhtasi ndiye aliyeinua simu, akabonyeza namba ya karakana, akamshikisha mkononi kama anavyoshikishwa mtoto kijiko.

"Spana," akasema mkurugenzi. Akakohoa. "Simamisha. Yote kumi na moja. Ndiyo, na hilo. Mpigie dereva sasa hivi."

Basi lilikuwa limeshaanza kusogea. Lilikwenda urefu wa mwili wake, kisha nusu nyingine, pua yake ikaanza kuinama. Likasimama. Taa za dharura zikaanza kupepesa. Dereva akashuka, akaweka jiwe chini ya tairi la mbele, halafu jingine, halafu akaketi juu ya jiwe la tatu akajifuta uso. Abiria wakaanza kushuka wakilalamika. Mwanamke yule alimshusha mzee tena, ngazi moja kwa wakati, akimwambia kondakta jambo refu ambalo halikuwa la shukrani.

*

Walishuka mteremko kwa miguu, Kobe na mkurugenzi, mwendo wa Kobe.

"Tutachelewa," akasema mkurugenzi.

"Mimi hufika."

Kwenye ukuta uliobomoka mkurugenzi alitaka wavuke upande wa pili. Kobe alisema upande huu una kivuli. Hakukuwa na kivuli chochote. Walipita karibu na kopo la maua, karibu na alama nyeusi ya gogo kwenye lami, na Kobe akasimama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Saa nane kasoro dakika sita alimkabidhi mwendesha mashtaka bahasha: picha moja, fomu mbili, ukurasa wenye saini, barua iliyotobolewa kona. Mwendesha mashtaka alisoma akiwa amesimama. Aligeuza picha, akaisoma nyuma, akaigeuza tena mbele, akaileta karibu na macho.

"Huyu ni nini hapa kwenye kona?"

"Shahidi," akasema Kobe.

Mwendesha mashtaka akafunga kalamu yake. Akaichukua karatasi ya shtaka la dereva, akaikunja mara mbili, akaiweka chini kabisa ya rundo, na akaomba karani amletee nyingine, tupu.

Dereva aliingizwa kwa mlango wa pembeni, plasta mkononi, askari kila upande. Alikuwa akitafuta mtu kwa macho. Kwenye benchi la mbele mama yake alikuwa amekaa na sanduku la safari magotini, kifuniko kimeachwa wazi kidogo, kwa sababu asingeweza kuliacha kwenye nyumba isiyo yake na asingeweza kulifunga. Katika mwanya ule kilitokea kichwa cheupe. Hakimu hakikumtazama, askari kiliwatazama kwa chuki ya zamani, kisha macho yakatulia kwa mwanamume mwenye suti aliyekuwa ameketishwa peke yake benchi la pili.

Bata na mkurugenzi walitazamana. Aliyeinamisha macho kwanza hakuwa bata.